Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Matiti ya Mwanamume: Mwongozo Kamili wa Kupona

Upasuaji wa kupunguza matiti ya mwanamume huchukua saa moja hadi mbili hivi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kupona kunahitaji wiki sita za uangalifu na miezi kadhaa ya subira, na karibu yote hufanyika mbali na macho ya daktari. Kifua kilichopasuliwa vizuri kinaweza kuharibikia nyumbani: damu iliyovilia usiku wa kwanza ikasubirishwa hadi asubuhi, fulana ya kubana iliyovuliwa mapema kwa sababu ya joto, ndoo iliyonyanyuliwa siku ya tano kwa kuwa maumivu yalishapoa.

Ili uelewe kila sharti lililomo humu, shika jambo moja. Tezi ya titi na mafuta yakishatolewa, chini ya ngozi hubaki nafasi tupu, kama mfuko uliobanwa mdomo. Ngozi imeachana na msuli, na lazima ishikamane nao tena. Damu ikijaa humo, mfuko unafunguka. Maji yakijaa, vivyo hivyo. Ukiinua mikono juu juu, ngozi inasuguana na msuli na kushikamana kunachelewa. Fulana ya kubana kazi yake ni kuufunga mfuko huo hadi uzibe wenyewe.

Kabla hujatoka hospitali, uliza

Upasuaji huu si wa aina moja, na muda wa kupona hutofautiana. Wapo wanaofyonzwa mafuta tu kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye tundu dogo ubavuni. Hao hupona haraka zaidi. Wapo wanaotolewa tezi kupitia mkato wa nusu duara kwenye ukingo wa chini wa duara la chuchu, mara nyingi pamoja na kufyonzwa mafuta. Na wapo wenye matiti makubwa yaliyolegea, ambao hukatwa ngozi ya ziada na pengine chuchu kuhamishwa. Hao waongeze wiki mbili hivi kwenye tarehe nyingi utakazozisoma hapa.

Muulize daktari wako: Nimefanyiwa ipi? Nyuzi zinayeyuka zenyewe au zitatolewa, na lini? Fulana naivua kwa mara ya kwanza siku gani? Nyama iliyotolewa imepelekwa maabara? Na usiku wa manane nikipata shida, nampigia nani? Swali la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo lenye kazi usiku wa kwanza. Pale maelekezo ya daktari wako yanapotofautiana na mwongozo huu, fuata yake, kwani yeye ndiye aliyeona kilichokuwa ndani.

Maandalizi ya nyumbani

Fanya haya siku chache kabla ya upasuaji, kwa sababu baada yake mikono haitapanda juu ya mabega.

Nunua fulana za kubana mbili za saizi yako, moja ya kuvaa na moja ya kufua. Tafuta mashati matatu au manne ya vifungo vya mbele. Tisheti ya kupitisha kichwani itakutesa wiki mbili nzima. Shusha vitu vyote unavyotumia kila siku viwe usawa wa kiuno: sufuria, mswaki, chaja, nguo. Weka mito mitatu kitandani. Kuwa na kipimajoto, daftari dogo, gauze safi na plasta laini ya karatasi. Kama nyumba yako haina maji ya bomba, panga mapema nani atakuchotea kwa mwezi mmoja. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na hutalishika.

Sigara, shisha na kitu chochote chenye nikotini viachwe wiki nne kabla na wiki nne baada. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu baada ya upasuaji huu hutegemea mishipa hiyohiyo midogo iliyobaki kwenye ngozi. Mishipa ikibanwa, chuchu inaweza kufa. Mirungi nayo hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo iweke kando angalau wiki mbili.

Awepo mtu mzima wa kulala nawe usiku wa kwanza, ikiwezekana siku mbili. Aonyeshwe ukurasa huu, hasa sehemu inayofuata.

Saa 24 za kwanza: ni damu tu ya kuilinda

Hatari kubwa ya siku ya kwanza ni damu kuvilia chini ya ngozi. Sababu yake inaeleweka. Wakati wa upasuaji daktari huingiza maji yenye adrenalini ili mishipa inywee na isivuje damu. Saa kadhaa baadaye dawa hiyo huisha nguvu na mishipa hufunguka. Papo hapo nusukaputi inakutoka, maumivu yanaanza, labda unatapika au unajikamua chooni, na presha inapanda. Mshipa mmoja mdogo ukiachia wakati huo, mfuko tuliousema unajaa.

Msaidizi alinganishe pande mbili kila baada ya saa mbili au tatu hadi unapolala, na mara moja au mbili usiku. Pande zote mbili kuvimba kidogo ni kawaida. Kisicho kawaida ni upande mmoja kuuzidi mwingine haraka: umevimba, umekaza kama mpira uliojazwa upepo, maumivu yanaongezeka badala ya kutulia kwa dawa, na ngozi inabadilika rangi kuwa ya zambarau au nyeusi zaidi. Ukiona hivyo, usisubiri kupambazuke:

1. Kaa wima, usilale.
2. Usifungue bendeji wala fulana. Kandamiza upande huo kwa kiganja, kwa nguvu ya wastani, bila kuachia.
3. Usile wala usinywe chochote, kwa kuwa huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji na kupewa nusukaputi tena.
4. Piga simu huku mkielekea hospitali, si mpige halafu mngoje majibu.

Damu iliyovilia ikitolewa mapema, matokeo huwa mazuri kama kawaida. Ikiachwa, inaweza kuganda na kuwa uvimbe mgumu wa miezi, kuleta usaha, au kuikandamiza ngozi ya chuchu hadi ife.

Jambo moja huwashtua watu bure. Waliofyonzwa mafuta huvujisha maji ya rangi ya waridi kutoka kwenye vitundu vya ubavuni kwa siku moja au mbili, wakati mwingine hadi shuka linalowa. Hayo ni maji yaliyoingizwa wakati wa upasuaji, yamechanganyika na damu kidogo. Tandika mpira na taulo kuukuu, badilisha gauze ikilowa, basi. Damu nyekundu nzito inayotiririka ni habari nyingine.

Anza kutembea chumbani jioni ileile, dakika tano kila baada ya saa mbili ukiwa macho. Damu inayotuama miguuni inaweza kuganda. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au ukipata kubanwa pumzi ghafla, nenda hospitali hapohapo, hata kama ni wiki ya tatu.

Ukiwa na mrija wa kutoa damu

Si wote huwekewa. Ukiwekewa, utakuwa na mrija mwembamba unaotoka ubavuni ukiishia kwenye kichupa laini cha mpira. Kichupa hicho hufyonza kwa sababu kimeminywa. Kikijaa hewa, hakifanyi kazi yoyote. Kosa kubwa la nyumbani ni kukifunga kikiwa kimetuna.

Asubuhi na jioni:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Bana mrija karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja ili usivutike. Kwa mkono mwingine kamua kuelekea kwenye kichupa ili kusukuma vidonge vya damu.
3. Fungua kizibo, mimina kwenye kikombe chenye vipimo, usiguse mdomo wa kichupa.
4. Minya kichupa hadi kiwe bapa kabisa, kisha funga kizibo huku bado umekiminya.
5. Andika mililita na rangi, kila upande peke yake.
6. Kibane kwenye fulana kwa pini. Kikining'inia, uzito wake huvuta mshono.

Rangi huanza nyekundu, ikawa ya waridi, kisha manjano kama chai ya rangi iliyofifia. Madaktari wengi hutoa mrija upande ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, na kwa upasuaji huu hilo hutokea mara nyingi kati ya siku ya kwanza na ya nne. Kichupa kikijaa damu nyekundu ndani ya saa moja au mbili, fanya kama ulivyoelekezwa hapo juu kuhusu damu. Kikiacha kutoa ghafla huku kifua kikivimba, mrija umeziba. Usijaribu kuuzibua kwa maji wala sindano.

Fulana ya kubana

Desturi ya madaktari wengi ni hii: wiki nne za mwanzo usiku na mchana, ukivua kwa kuoga na kufua tu, kisha wiki mbili nyingine kwa mchana au kwa usiku. Waliofyonzwa mafuta peke yake huweza kupunguziwa, waliokatwa ngozi huongezewa.

Fulana sahihi hubana bila kukata. Vidole viwili viweze kupita kwa taabu kidogo chini ya ukingo wake. Uweze kuvuta pumzi ndefu. Mikono ikifa ganzi, vidole vikivimba, au ukibaki na mifereji myekundu au myeusi ya kudumu zaidi ya saa moja baada ya kuivua, ni ndogo mno. Ikikunjana, ni kubwa mno, na kukunjana ni kubaya kuliko kulegea: mkunjo mmoja ukikaa mahali pamoja kwa siku tatu, ngozi inayoanza kushikamana inaufuata na unaweza kubaki na mfereji kifuani. Kila unapoivaa, pitisha viganja toka shingoni hadi tumboni kuinyoosha. Ikianza kulegea uvimbe unapopungua, karibu wiki ya pili au ya tatu, kaza kulabu za ndani au hamia saizi ndogo.

Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, joto ndilo adui wa fulana. Vaa singlendi nyepesi ya pamba ndani yake ili inyonye jasho, na uibadilishe mara mbili kwa siku. Vipele vya joto vikitoka ubavuni, osha kwa maji baridi, kausha kabisa kabla ya kuvaa. Poda isikaribie mshono. Fulana ifuliwe kwa mkono kwa sabuni laini, bila jiki, ianikwe kivulini. Jua kali na jiki hula mpira wake na ndani ya wiki mbili inakuwa nguo ya kawaida tu. Anayefanya kazi ofisini atambue kwamba chini ya shati jeupe huonekana, chini ya shati la rangi nzito haionekani.

Ikikosekana fulana, bendeji ya mpira ya sentimita 15 husaidia kwa siku chache, lakini huteremka na kujikunja kamba. Khanga ya kufunga kifuani haitoshi, haivutiki kama mpira.

Usikandwe

Kwetu mgonjwa hukandwa. Mama au shangazi atakuja na maji ya moto na taulo, kwa mapenzi yote. Mkatalie kwa adabu. Joto hufungua mishipa ya damu katika siku ambazo unataka ifunge. Zaidi ya hapo, ngozi ya kifua iko kwenye ganzi na haihisi moto. Inaweza kuungua malengelenge bila wewe kujua. Barafu nayo ina hatari ileile upande wa pili: ngozi isiyohisi huganda. Ukiruhusiwa barafu, ifunge kwenye kitambaa, iwekwe juu ya fulana, dakika 10 hadi 15, kamwe si juu ya chuchu.

Orodha ya visivyopakwa kwenye mshono: unga wa vidonge vya rangi mbili, mafuta ya habasoda, majani ya mwarobaini, asali ya dukani, spiriti. Jeraha la upasuaji lililofungwa na kukauka linahitaji kuachwa.

Dawa

Siku tatu nne za kwanza maumivu hufanana na ya misuli iliyofanyishwa kazi kupita kiasi, na huzidi unapoamka kitandani. Parasetamoli inatosha kwa wengi ikinywewa kwa saa, si kwa kusubiri maumivu yapande: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24 kwa mtu mzima wa kilo 50 au zaidi asiye na ugonjwa wa ini. Angalia dawa za mafua na Panadol Extra. Nazo zina parasetamoli ndani, na watu huzidisha dozi bila kujua.

Ibuprofeni na daiklofenaki ni ndugu, usizinywe pamoja. Hupunguza uvimbe vizuri, lakini pia hulegeza kuganda kwa damu kidogo, na baadhi ya madaktari huzizuia siku mbili au tatu za kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo asizinywe. Aspirini ya maumivu iachwe wiki mbili. Anayeinywa kwa ajili ya moyo asiiache bila daktari wake kujua. Vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki na vitamini E navyo viwekwe kando, ingawa kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno.

Tramadoli na jamii yake ya dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua hupandisha presha kifuani. Papai, maji lita mbili hadi tatu, maharage na mboga za majani vianze siku ileile unayoanza dawa hizo. Antibayotiki ukiandikiwa maliza dozi, usipoandikiwa usijinunulie.

Kulala, kuoga, kuswali

Lala chali, kichwa na mgongo vimeinuka nyuzi 30 hadi 45, kwa wiki mbili. Mto mmoja chini ya kila mkono hukuzuia kugeuka. Ubavu, kuanzia wiki ya tatu. Kifudifudi, baada ya wiki ya sita. Kuamka: viringika ubavu kidogo, shusha miguu kwanza, jiinue kwa tumbo na mapaja. Usijivute kwa mikono.

Saa 48 za kwanza oga kuanzia kiunoni kwenda chini. Baada ya hapo, ukiruhusiwa na kama huna mrija, maji yapite juu ya mshono dakika chache, kisha gusagusa kwa taulo safi bila kusugua. Anayeoga kwa ndoo na kopo aketi kwenye kigoda na amwagiwe na mwingine, kwani kuinua kopo juu ya kichwa ni harakati ileile tunayoikataza. Mara ya kwanza kuvua fulana ukiwa umesimama unaweza kuona kizunguzungu, keti. Bahari na bwawa vingoje wiki nne na mshono uwe umefunga kabisa.

Anayeswali aketi kwenye kiti na kuswali kwa ishara kwa wiki mbili. Kusujudu hupeleka damu kifuani na kuweka uzito kwenye viganja, na mgonjwa ana ruhusa. Akitawadha, maji yasilowanishe bendeji.

Mikono, kazi na mazoezi

Wiki mbili za kwanza viwiko vikae chini ya usawa wa mabega na mzigo usizidi kilo mbili au tatu. Lakini usiigande mikono ubavuni kama askari wa gwaride. Bega huganda na baadaye linauma kuliko kifua. Tangu siku ya pili zungusha mabega taratibu mara kumi, mara tatu kwa siku, na tumia mikono kula, kupiga mswaki, kuandika.

Kazi ya kukaa mezani: siku tano hadi saba. Mwalimu anayeandika ubaoni: wiki mbili hadi tatu, au aandike chini ya usawa wa bega. Kuendesha gari: ukishaacha dawa kali na ukiweza kukata usukani ghafla bila kusita, kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya pili, weka taulo lililokunjwa chini ya mkanda. Dereva wa bodaboda asubiri wiki nne, kwani usukani hutikisa kifua saa zote na breki ya ghafla hutupa uzito wote mikononi. Abiria wa bodaboda, wiki mbili. Fundi ujenzi, mvuvi, mpagazi na mkulima wa jembe: wiki sita, kisha nusu ya mzigo kwa wiki mbili nyingine. Tendo la ndoa lingoje wiki mbili, na hata baada yake usiegemee mikono hadi wiki ya nne au ya sita.

Mazoezi yana ngazi zake. Kutembea kwa kasi, wiki ya pili. Baiskeli ya kusimama na mazoezi ya miguu bila kushika vyuma, wiki ya tatu. Kukimbia na mpira wa miguu, wiki ya nne hadi ya sita. Pushapu na vyuma vya kifua, baada ya wiki ya sita hadi ya nane, ukianzia nusu ya uzito uliouzoea. Kwa muda wote huo fulana iwe mwilini.

Safari ndefu ya basi au ndege ingoje angalau siku 7 hadi 10 na mrija uwe umetolewa. Anayefanyiwa upasuaji nje ya nchi apange malazi kwa hesabu hiyo, si tiketi ya siku ya tatu. Kwenye basi usikae kiti cha nyuma juu ya magurudumu.

Maji, usaha na chuchu

Maji ya jeraha hujikusanya kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, mara nyingi kwa aliyevua fulana au aliyerudi kazini mapema. Hayaumi sana. Ukigonga upande mmoja wa uvimbe kwa kidole, upande wa pili hutikisika kama puto lenye maji. Daktari huyafyonza kwa sindano ndani ya dakika chache, pengine kwa kurudia mara mbili tatu. Usijitoboe, na usikubali kutobolewa duka la dawa, maana mfuko safi ukiingizwa wadudu huwa jipu.

Usaha huonekana mara nyingi kati ya siku ya nne na ya kumi. Vitabu husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tafuta joto unalolihisi kwa mgongo wa mkono ukilinganisha pande mbili, ngozi inayong'aa na kukaza, weusi au uzambarau unaotanuka, maumivu yanayorudi baada ya kupoa, harufu, na homa ya nyuzi 38 au zaidi. Chora kwa kalamu ukingo wa sehemu iliyobadilika. Ikivuka mstari ndani ya saa sita, usilale nayo.

Chuchu kufa ganzi ni kawaida, na hisia hurudi ndani ya wiki hadi miezi, wakati mwingine mwaka. Zikirudi, mwanzoni nguo huwasha na kuchoma. Kinachohitaji daktari siku hiyohiyo ni chuchu iliyopauka na kuwa baridi, kisha ikatoa lengelenge au kugeuka nyeusi tii kuliko mwenzake.

Kioo hudanganya

Uvimbe hufika kileleni siku ya pili hadi ya nne. Weusi wa damu hushuka kwa uzito wake hadi mbavuni na tumboni, ukakufanya udhani mambo yanaharibika. Huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Wiki ya tatu kifua hupendeza. Halafu, kati ya wiki ya nne na ya nane, watu huguswa na hofu: chini ya chuchu pamekuwa pagumu kama kokwa ya embe, na wanaamini tezi imerudi. Haijarudi. Ni kovu la ndani linalojengwa, nalo hulainika kati ya mwezi wa tatu na wa sita.

Mshono ukiwa umefunga kabisa na daktari akiruhusu, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne, paka mafuta yasiyo na manukato na uzungushe vidole viwili juu ya ugumu huo dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, kwa nguvu ya kusogeza ngozi bila kuumiza.

Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule, mikono chini. Tofauti ndogo kati ya pande mbili hubaki kwa wengi. Shimo chini ya chuchu, linaloonekana zaidi ukiinua mikono, linaweza kutokana na tezi kutolewa mno au ngozi kugandia msuli. Hilo halirekebishwi kabla ya miezi 6 hadi 12, na daktari anayekubali kurudia upasuaji mwezi wa pili anakimbilia kifua ambacho hakijaamua sura yake.

Keloidi

Kifua ni mojawapo ya sehemu zinazopenda keloidi, na watu wenye ngozi nyeusi huzipata zaidi. Kama wewe au ndugu zako mnazo masikioni au mabegani, daktari ajue kabla ya kukata. Kovu lililovimba la kawaida hukaa ndani ya mstari wa mkato na hupungua lenyewe. Keloidi huvuka mstari, huwasha, na huendelea kukua hata miezi mingi baadaye.

Kinga ni silikoni, ya jeli au ya bamba, kuanzia mshono ulipofunga na magamba kudondoka, saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi mitatu. Bamba huoshwa kila siku. Jasho likikaa chini yake huleta vipele. Kovu likianza kuwasha na kuinuka, nenda mapema ukachomwe sindano ya triamsinoloni (dawa ya jamii ya steroidi) ndani ya kovu, kila baada ya wiki nne hadi sita. Keloidi ikikatwa peke yake bila sindano wala tiba nyingine, hurudi, mara nyingi kubwa kuliko ya kwanza.

Yasirudi

Unene ukirudi, mafuta yaliyobaki hutanuka. Sindano na vidonge vya homoni vya kujenga misuli vinavyouzwa kwenye baadhi ya jimu ni chanzo kinachojulikana cha matiti haya. Mwili hubadilisha sehemu ya homoni hizo kuwa estrojeni, yaani homoni ya kike, na kipande chochote cha tezi kilichobaki huitikia. Dawa kadhaa za hospitali nazo huweza kuyaleta: spironolaktoni, simetidini, ketokonazoli ya vidonge, risperidoni, na efavirenzi iliyokuwa ikitumika sana kwa wanaoishi na VVU. Anayetumia mojawapo azungumze na kliniki yake juu ya kubadilishiwa. Kuacha ARV mwenyewe kwa ajili ya kifua ni kubadilisha shida ndogo kwa kubwa. Pombe nyingi huchosha ini, na ini lililochoka hushindwa kuondoa estrojeni.

Lipo jibu la maabara. Nyama iliyotolewa huchunguzwa kwa sababu saratani ya matiti humpata mwanamume pia, ingawa ni karibu asilimia moja tu ya saratani zote za matiti. Majibu mara nyingi hutoka baada ya wiki moja au mbili, na wagonjwa wengi hawayafuati kwa kuwa kifua kimeshapendeza. Yachukue kwa maandishi, weka pamoja na karatasi ya kuruhusiwa, na uende nayo kliniki ya mwezi wa tatu.